Tunalilia nini tunapokililia kibanda cha mtori?

Wakutanishe watu waliokulia Majengo, Njoro au Kiusa, mjini Moshi, na muda si mrefu mazungumzo yatafika kwenye kibanda cha mtori cha mtaani kwao. Watabishana benchi lilikaa upande gani na nani alikuwa anakopeshwa. Kibanda chenyewe hakipo tena. Basi mtu anayekililia analilia nini hasa?

Jibu la haraka ni ladha. Mtori wa ndizi mshale, uliopondwa kwa mwiko mpaka ukalainika, nyama zake zikikungoja chini ya bakuli, unastahili kukumbukwa. Lakini mtori haujatoweka. Unauzwa Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na kwingine unapikwa vizuri kuliko ule wa zamani. Mwenye kumbukumbu zake hula, hushukuru, na bado hamu haimwishi. Wengine watasema tunaulilia ujana. Huenda, ila ujanani tulinunua pia sabuni na madaftari, na sijamsikia mtu akiyataja kwa sauti ile.

Labda tuanzie chakula kinakotoka. Kule juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Kibosho, Machame, Marangu, mtori ni chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa na kuletewa alipo. Halipi, kwa kuwa ni wetu na amechoka kwa ajili yetu. Mjini chakula hichohicho kikatiwa bei, na mtu angetarajia fedha iifute maana yake. Bei, nionavyo mimi, ni kiasi ambacho ukishakilipa mnaachana, hakuna anayemdai mwenzake. Thamani ni kile kinachobaki kati yenu baada ya malipo. Pale kibandani bei ililipwa, pengine mwisho wa mwezi, lakini hatukuachana. Mama mwenye kibanda alijua nani hapatani na pilipili, nani ametoka kuugua, nani amefiwa juzi na hajatia kitu tumboni. Kuli wa soko la Mbuyuni, mtu aliye mbali na kwao, alipakuliwa kama mzazi aliyejifungua jana. Nadhani hicho ndicho tunacholilia: kutunzwa bila kulazimika kueleza kwa nini tunastahili.

Lakini hayo yote ni maneno ya watu wa kwenye benchi. Upande wa jikoni kulikuwa na mtu aliyewasha kuni kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa nini aliamka mapema hivyo? Uchagani, kulekule mlimani, kahawa ilikuwa mali ya baba; ndizi zilikuwa za mama. KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, ulijengwa juu ya kahawa, na kahawa ilisomesha watoto wengi. Mwaka 1989 mgawo wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na katika nyumba nyingi ndizi za mama zikabebeshwa mzigo ambao hazikuwahi kupangiwa. Kibanda hakikusimamishwa ili sisi tupate cha kukumbuka. Kilisimamishwa kwa ajili ya ada ya shule.

Je, basi wema ule ulikuwa biashara tu? Sikubali. Anayetafuta ada anaweza, kwa moyo huohuo, kukumbuka kwamba wewe huli mafuta mengi. Shida haimnyimi mtu ukarimu. Ninachokataa ni kumbukumbu inayochukua utamu na kumwachia mama moshi. Hiyo ni dhuluma, hata kama imejaa mapenzi, kwa sababu inamfanya awe sehemu ya utoto wetu na kumnyima maisha yake mwenyewe.

Na kama ni maisha yake, hata kufungwa kwa kibanda kunabadilika sura. Huenda kuna vilivyofungwa kwa sababu kitindamimba alimaliza chuo, na mama akapandisha zake kihambani, kwenye shamba la nyumbani, magoti yakimuuma, kazi yake imetimia. Kwetu ni hasara, kwake ni ushindi. Sasa tujibu kwa haki: tunaposema tunatamani kibanda kile kingekuwepo hadi leo, tunataka nani awe bado anapuliza kuni?