Sikio Litangulie Kidole

Shingo ya gitaa ina vyuma vidogo vinavyomwonyesha mwanafunzi kila noti inapokaa. Shingo ya fidla ni nyeusi tupu. Kidole kikiteleza milimita chache tu, noti inakwenda upogo, na kila aliye chumbani anasikia.

Ndiyo maana walimu wengi humbandikia anayeanza vipande vya utepe. Kwenye uzi wa D, kidole cha shahada hutoa E, na cha pete hutoa G. Cha kati kina makao mawili: kikisogea kwa cha shahada hutoa F, kikibanana na cha pete hutoa F shapu. Utepe unasaidia sana, lakini mimi naienzi zaidi siku unapobanduliwa.

Siku hiyo mwanafunzi hubaki na sikio lake. Aiimbe noti kwanza, ndipo aweke kidole. Na fidla yenyewe itamsahihisha: cha pete kikikaa barabara kwenye uzi wa D, uzi wa G ulio jirani, ambao hakuna aliyeugusa, hutetemeka wenyewe na chombo kizima huvuma. Kidole kikipotea kidogo, mvumo ule hufifia papo hapo.

Wapiga fidla wa taarabu Unguja, nyumbani kwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, wamerithi pia makamu za Kiarabu, yaani mifumo ya noti ya muziki huo. Katika makamu iitwayo rasti, ikianzia D, noti ya tatu hukaa katikati ya yale makao mawili ya kidole cha kati. Utepe wa anayeanza hauonyeshi mahali hapo. Huko hufika sikio lililozoezwa kwa subira.

Naamini malezi yetu yanahitaji siku kama ile ya kubandua utepe. Watoto wetu tunawawekea alama nyingi: maksi, vema ya mwalimu, jicho la mzazi. Zote zina kazi yake. Lakini mtoto asiyejua kupima kazi yake mwenyewe atakuwa mwaminifu pale tu anapotazamwa, na sehemu kubwa ya maisha hupita pasipo mtazamaji.

Basi mzazi mwenzangu, mwanao akishusha upinde na kukuuliza, "Nimepatia?", usikimbilie kumjibu. Mwambie apige tena, asikilize, kisha akuambie yeye.