Moshi Una Mwenyewe

Mali ni kitu ambacho mtu aweza kukiita chake bila kuona haya. Aliyelima ana mavuno yake, aliyejenga ana nyumba yake, na aliyenunua gari ana gari lake. Haki hii ni ya kale, na pasipo haki hii watu wengi wasingejitaabisha kufanya kazi. Lakini kila haki ina ukingo, kama vile kila shamba lilivyo na mpaka, na mwenye busara huuliza mpaka uko wapi kabla ya kushika jembe. Katika insha hii nataka tuupime mpaka mmoja ambao hupitwa mbele ya macho yetu kila siku. Je, mwenye gari ana haki ya kulifanyia gari lake lolote apendalo, ikiwa moshi wake huingia vifuani mwa watu wengine?

Swali hili si la nchi za mbali. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Katika nchi hii pikapu ya dizeli ndiyo punda wetu. Hubeba ndizi kutoka Keumbu, mbolea ya wakulima wa chai, saruji, mbao, ng'ombe wa mnada, na hata jeneza la marehemu anayerudishwa kwao. Pikapu yenye nguvu ni riziki ya nyumba nzima. Pikapu dhaifu hukwama mlimani, na ndizi zilizoiva hazimngojei mtu. Basi si ajabu kwamba wenye pikapu huwaendea mafundi wa jua kali wakasema, "Fundi, niongezee nguvu."

Ili tuhukumu kwa haki, yatupasa kwanza kujua fundi hufanya nini. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche. Huvuta hewa na kuibana hata ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Kisha mafuta hupulizwa ndani, nayo huwaka yenyewe. Hewa ikitosha, mafuta huungua karibu yote. Mafuta yakizidi hewa, sehemu yake haiungui sawasawa, na hutoka katika bomba kama masizi meusi. Tena hewa ya vilimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Hapa Kisii imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo injini isiyo na tabo, yaani kile kipulizio cha kuisukumia hewa, na ambayo pampu yake ilipimwa kwa nchi ya tambarare, yaweza kutoa moshi hata kabla haijaguswa. Fundi akikaza skurubu ya pampu ili mafuta yazidi, au katika magari mapya akiandika upya maagizo ya kompyuta ya injini bila kujali kipimo cha hewa, pikapu hupata nguvu kidogo na moshi mwingi.

Mara nyingine kazi haikomei hapo. Baadhi ya pikapu za miaka ya karibuni zimetiwa kichujio cha masizi katika bomba la moshi. Kichujio hiki, kikiwa kizima, hunasa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za masizi, kisha huyachoma wakati gari linapokwenda safari ndefu kwa mwendo wa kutosha. Safari fupi za sokoni, za kusimama na kuondoka, hukiziba. Kipya ni ghali, na hapo ndipo mwenye gari huonyeshwa njia ya mkato. Kichujio hupasuliwa, matumbo yake hutolewa, na ganda tupu huchomelewa na kurudishwa mahali pake, ili mkaguzi akichungulia chini ya gari aone kwamba hakuna kilichopungua. Naomba msomaji alikumbuke ganda hilo, maana tutalirudia.

Sasa tuufuate moshi wenyewe. Chembe za masizi ni ndogo hata upana wake haufiki sehemu moja ya ishirini ya unywele. Pua haiwezi kuzizuia, nazo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwezi wa Juni mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Moshi huo pia huamsha pumu na kuudhuru moyo. Na ni nani auvutaye zaidi? Mara nyingi si dereva, kwa kuwa bomba liko nyuma yake naye huuacha moshi nyuma. Ni mtoto wa shule apandaye mlima kwa miguu, ni mwendesha pikipiki aliye nyuma ya gari, na ni mama auzaye ndizi kando ya barabara ya Keroka tangu asubuhi hata jioni.

Mwenye gari asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Hoja yake ya kwanza husema, "Gari ni langu." Ni kweli. Lakini asemaye kwamba injini ni yake na nauli ya mzigo ni yake, hawezi kusema kwamba moshi ni wa ulimwengu. Faida na moshi hutoka katika injini moja. Mtu mwenye shamba juu ya chemchemi ni mwenye shamba, walakini si mwenye maji ya wote wanaoteka chini yake.

Hoja ya pili husema, "Moshi wangu ni tone tu baharini." Hoja hii ina ubaya mmoja: kila mwenye gari aweza kuisema, na wote wakiisema, bahari itajaa matone na asipatikane hata mmoja mwenye kosa. Tumefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Twapenda kuitumia methali hiyo tunaposifu akiba, lakini kibaba hakichagui kijazwacho.

Hoja ya tatu husema, "Wakubwa nao hufanya vivyo hivyo." Hili nalo lina ukweli ndani yake. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli, kiasi cha milioni 11 duniani, programu iliyotambua wakati gari linapopimwa. Katika chumba cha kupimia gari lilikuwa safi. Barabarani lilitoa hewa ya sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Wenye elimu na mitaji mikubwa walifanya kwa kompyuta yale ambayo fundi wa kwetu hufanya kwa msumeno. Lakini kisa hicho kilimalizika kwa aibu, kwa mashtaka na kwa faini kubwa mno. Kosa la tajiri halikupata kuwa ruhusa kwa maskini. Ni ushahidi tu kwamba udanganyifu hauna tabaka.

Hoja ya nne ndiyo nzito, nayo yastahili heshima. Husema, "Nina deni, nina watoto, na pikapu isipopanda mlima hatuli." Hakuna mwalimu awezaye kuicheka hoja hii, kwa maana huenda hata ada ya mmoja wenu hulipwa na pikapu ya namna hiyo. Shida hupunguza lawama. Lakini tutazame kwa makini shida hiyo imefanya nini. Fedha ambazo mwenye gari hakuzitoa kununua au kusafisha kichujio hazikuokolewa. Gharama ile imehamishwa tu. Imeondoka mfukoni mwake ikaenda kifuani mwa mtu mwingine, na pengine italipwa zahanati, miaka mingi baadaye, na mtu asiyejua alikopa lini. Tena katika barabara zetu mtu huyo mara nyingi ni maskini kuliko mwenye pikapu. Muuza ndizi hana gari. Basi aliyelemewa amemtwika mzigo wake aliyelemewa zaidi, naye hakumwomba ruhusa.

Je, hapana njia nyingine? Ipo, ingawa si ya mkato. Udhaifu mwingi wa injini hutokana na kichujio cha hewa kilichoziba, nozeli zilizochakaa, au shehena iliyopita kipimo cha gari. Fundi arudishaye injini katika hali yake ya asili hufanya kazi ya heshima, na astahili ujira mwema kuliko yule aiongezaye mafuta. Kichujio cha masizi nacho mara nyingi chaweza kusafishwa kabla ya kufa kabisa. Na kuna mambo ambayo mwenye gari mmoja hayawezi, lakini jamii yayaweza. Mwaka 2015 nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilianza kutumia kipimo cha salfa katika dizeli kisichozidi sehemu 50 katika milioni. Hapana fundi wala dereva ambaye angeweza jambo hilo peke yake. Wagusii wa zamani walikuwa na risaga, yaani kundi la majirani waliosaidiana kazi za shamba na ujenzi, kwa kuwa walijua kwamba kuna mizigo isiyobebwa na mgongo mmoja. Hewa safi ni mzigo wa namna hiyo.

Sheria imekwisha kusema neno lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 42, humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na tangu mwaka 2014 nchi imekuwa na kanuni za ubora wa hewa ambazo huhusu pia moshi wa magari. Lakini sheria huona kwa jicho la mkaguzi, na ganda tupu lilitengenezwa kwa ajili ya jicho hilo. Hapa ndipo ganda linapotufundisha jambo ambalo hoja zote nne zilijaribu kulifunika. Kama mwenye gari aliamini kweli kwamba ana haki, kwa nini alificha? Angelitoa bomba lake wazi, akasema mbele ya watu, "Nimekiondoa, na ni haki yangu." Aliyechomelea ganda alikwisha kujihukumu mwenyewe kabla hatujafungua vinywa vyetu.

Miongoni mwenu ninyi msomao maneno haya, wengine watakuwa mafundi, wengine madereva, wengine wakaguzi, na wengine wataajiri hao wote. Kila mmoja atafika siku moja mahali ambapo kitu chake kinamletea faida yeye na madhara kwa asiyekuwapo. Siku hiyo mkaguzi atakuwa mbali, na hoja nne zitakuwa karibu. Jiulizeni maswali mawili. La kwanza: Je, naweza kulisema jambo hili waziwazi kwa wale watakaouvuta moshi huu? La pili: Je, naweza kuliacha gari hili linanguruma usiku, bomba lake likielekea dirisha la chumba anamolala mtoto wangu? Ambaye jibu lake ni hapana, ajue kwamba amekwisha kuuona mpaka. Kilichobaki ni kuuheshimu, hata kama mlima ni mrefu na gari linakwenda polepole.