Uongo Uliofika Salama

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi chuoni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa ya saa tano na ushei, kutoka Dubai hadi Dar es Salaam, na niliimaliza bila kukwama. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mwaka 2018 nilikwenda kumtembelea mwanangu Dubai. Kijana wa jirani yangu, fundi wa simu pale Kariakoo, aliniomba nimletee betri 40 za simu. "Babu, zichanganye na nguo tu," alisema. "Wakikuuliza, sema ni nguo." Uwanjani binti wa mapokezi aliniuliza kama sandukuni mna betri. Nikajibu, "Hamna, binti yangu." Akazitazama mvi zangu, akaniamini.

Betri za lithiamu zimewekwa katika daraja la 9 la bidhaa za hatari. Abiria huruhusiwa betri chache za akiba kwa matumizi yake mwenyewe, tena katika mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimekingwa zisiguse chuma. Bidhaa ya biashara ina njia yake: hufungashwa barabara, hubandikwa lebo, huandikiwa hati. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa, zimekatazwa kuwa shehena ya ndege za abiria. Na katika ndege za mizigo chaji yake isizidi asilimia 30. Sababu ni kwamba betri yenye hitilafu huzalisha joto yenyewe, ikaipasha jirani yake, nayo ikaipasha ya tatu. Mkononi moshi utaonekana mapema. Sandukuni, chini ya sakafu ya ndege, hakuna wa kuuona.

Niliporudi, mwanangu alinisimulia yaliyotokea katika mji ule ule nilioutoka. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Dubai ikashika moto angani. Moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasiweze kusoma vipimo vyao. Walijaribu kurudi, wakaanguka, wote wawili wakafa. Taarifa ya wachunguzi ya mwaka 2013 ilisema kuwa moto ulianzia kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, na kwamba angalau mizigo mitatu ya betri ilistahili kutangazwa kuwa ya hatari, wala haikutangazwa.

Nilipomweleza yule fundi, alinijibu: "Lakini babu, si zilifika?" Ni kweli, zilifika. Basi je, uongo usiomdhuru mtu una kosa gani?

Nimelitafakari swali hili sana. Mlinzi akilala usiku kucha na mwizi asije, mali itakutwa salama asubuhi. Lakini hakuna atakayesema kwamba mlinzi alilinda. Usalama ule haukuwa kazi yake. Na mimi vivyo hivyo: kufika kwetu hakukunisafisha, kwa kuwa hakukutokana na tendo langu jema. Nilichukua roho za abiria wenzangu, wenye watoto wao mapajani, nikaziweka rehani kwa betri 40, wala sikumwuliza hata mmoja wao.

Sisemi kwamba fundi hana hoja. Hati na gharama za kusafirisha kihalali humlemea mtu mwenye kibanda kidogo, na malalamiko yake ni ya haki. Lakini mzigo wake haukuwa wangu kuutua juu ya vichwa vya wengine kwa siri. Mpakiaji hawezi kufungua kila sanduku. Anaishi kwa neno la mtu asiyemjua. Na neno hilo, siku ile, lilikuwa langu.

Mwaka uliofuata aliniomba tena. Nilikataa. Akasema nimezeeka, nimekuwa mwoga. Siku hizi tukikutana shikamoo yake ni ya haraka, nami huipokea bila kinyongo, kwani mimi ndimi niliyemfundisha, mara ya kwanza, kwamba jambo lile lawezekana. Kati ya masomo yote niliyopata kufundisha, hilo moja ningependa kulifuta ubaoni.