Wanyama Wanaojaribiwa Dawa: Je, Ni Dhambi?



Tunapofundisha amri ya tano, mara nyingi swali hili huulizwa: Mungu amekataza kuua, mbona waganga huua nyani na panya ili kupima dawa zao? Swali ni jema, nalo lastahili jibu.

Kwanza, tumkumbuke Mungu Mwumba. Wanyama wa nchi kavu aliwaumba siku moja na mtu, akaona kuwa ni wema. Lakini mtu peke yake alimwumba kwa mfano wake, akamkabidhi wanyama awatawale. Amri ya tano yalinda uhai wa mtu. Haikatazi kuchinja mbuzi kwa chakula. Basi, ikiwa ni halali kumchinja mbuzi ili watoto wale, yawezaje kuwa dhambi kumtumia mnyama ili watoto wasife?

Angalieni yaliyotokea kwetu Kongo. Ugonjwa wa Ebola ulitambuliwa mwaka 1976 huko Yambuku, nao ukawaua hata masista wa misioni waliouguza wagonjwa. Wataalamu walitafuta kinga miaka mingi. Waliwachanja nyani, kisha wakawatia ugonjwa: waliochanjwa waliishi, wasiochanjwa wakafa. Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu mwaka 2018 hata 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Lakini watu zaidi ya 300,000 walipata chanjo ile.

Pili, je, kutawala ni kufanya lolote? Hasha! Mchungaji hutawala kundi, lakini kundi si lake. Mwenye mali atamwuliza habari zake. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yafundisha kwamba majaribio haya yaruhusiwa kwa kiasi, yakisaidia kuponya watu. Bali kumtesa au kumwua mnyama bure kwapinga heshima ya mtu mwenyewe. Huko Lindi, karibu na Kisangani, palikuwa na kambi tangu mwaka 1956. Mamia ya sokwe walikamatwa porini, wakatumiwa humo katika kupima chanjo ya polio, na wengi walikufa. Kuwakinga watoto na kupooza ni shabaha njema. Lakini hata penye shabaha njema yatupasa kuuliza: Je, wote walihitajiwa? Je, maumivu yao yalipunguzwa? Je, hapana njia nyingine? Siku hizi njia nyingine zapatikana kwa mambo kadhaa. Na mwaka 2015 idara kuu ya utafiti wa afya ya Marekani iliacha kugharimia majaribio ya namna hii juu ya sokwe.

Tatu, mtu asifanywe mnyama wa kujaribiwa. Mwaka 1947, huko Nuremberg, mahakimu waliwahukumu waganga waliowatesa wafungwa kwa majaribio yao, wakaandika kwamba mtu asijaribiwe pasipo hiari yake. Kwa hiyo, mkiletewa dawa mpya kijijini, ulizeni mpaka mwelezwe vema. Huo si ukaidi, ni haki ya mwana wa Mungu. Lakini msiikimbie chanjo kwa ajili ya uvumi tu, kwa maana uvumi haukumponya mtu hata mmoja.

Na nyumbani kwetu je? Mvulana ampigaye mbwa kwa mchezo, na mwindaji aachaye mnyama aoze mtegoni, wamsaidia mgonjwa gani? Bwana Yezu alifundisha kwamba Baba hamsahau hata shomoro mmoja. Akafundisha pia kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Yashikeni yote mawili. Ashikaye la kwanza tu atamwacha mgonjwa afe. Ashikaye la pili tu atakuwa mkatili.

Juma hili, kabla ya sala ya jioni, kila mmoja ajiulize: Viumbe nilivyokabidhiwa leo, nimevitumia kwa haja, ama nimevitesa bure?

Mungu Mwumba awabariki. Amina.