Adabu ya Kunyamaza Iacheni Chini ya Mlima

Wanangu mliokulia Denver, Salt Lake City, Seattle na Zurich, nasikia viwanja vya ski havijawatosha. Siku hizi mnavuka kamba na kupanda kwa miguu yenu hadi kwenye miteremko ambayo hakuna mlinzi aliyeikagua wala aliyeilipua kwa baruti alfajiri ili theluji mbovu ishuke kabla ya watu. Siwakatazi. Ila kabla hamjafunga viatu, nisikilizeni.

Kwanza, jueni kinachoua. Msidhani poromoko la theluji hujishukia lenyewe na kumkuta mpita njia. Katika vifo vya wanaokwenda huko kwa burudani, karibu tisa katika kila kumi aliyelianzisha ni marehemu mwenyewe au mwenzake. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Huko Colorado, mwanzoni mwa majira ya baridi theluji huwa haba, na usiku wa baridi kali usio na mawingu huigeuza kuwa chembe zisizoshikana, kama sukari. Ikianguka nyingine nyingi juu yake, au upepo ukairundika upande mmoja wa mlima, hujengeka bamba zito lililokalia kitu kisicho na nguvu. Linaweza kukaa hivyo wiki nyingi, likisubiri uzito wa mtu mmoja tu.

Pili, someni taarifa ya siku hiyo kabla ya kutoka. Colorado wanayo Colorado Avalanche Information Center. Uswisi wanayo taasisi ya SLF pale Davos. Hatari hupangwa kwa madaraja, 1 hadi 5. Wengi wakiona 3 hujiambia kwamba hiyo ni ya katikati, haina neno. Hapo ndipo wengi wanapofia, kwa sababu ikifika 4 au 5 watu hubaki nyumbani. Mkifika mlimani, pimeni mteremko: nyuzi 30 hadi 45 ndizo zinazoporomoka zaidi, na hata mkiwa kwenye ulalo mdogo, tazameni kilichopo juu yenu. Mkiona mteremko wa jirani umeshuka leo, mkisikia theluji ikiguna chini ya miguu, mkiona ufa ukikimbia mbele yenu, geukeni mrudi. Na nyayo za waliotangulia zisiwatulize. Fuata nyuki ule asali ni methali ya msituni. Huku, mtu wa kumi anaweza kukanyaga pale ambapo tisa waliponea.

Tatu, kila mmoja awe na kifaa cha kutoa na kunasa mawimbi ya redio ili aliyefukiwa apatikane, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Vyote vitatu, na awe amejizoeza kuvitumia. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, mara nyingi huwa hai. Ikifika nusu saa, wengi wamekwisha kukata roho. Helikopta haiwahi. Mwokozi wako ni yule uliyeondoka naye asubuhi, kwa hiyo vukeni mahali pa hatari mmoja mmoja, wengine wakitazama.

Hayo yote yamo katika mafunzo, na wengi mnayajua. Linalonikosesha usingizi ni la nne.

Tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walikwenda Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass katika jimbo la Washington. Hawakuwa wageni wa theluji: walikuwemo wataalamu, na taarifa ya hatari ilikuwepo. Poromoko liliwaua watatu. Baadaye baadhi ya walionusurika walisema wazi kwamba walikuwa na wasiwasi, hasa kwa wingi wa kundi lile, lakini hawakusema. Kila mmoja alitazama wenzake, akaona magwiji watupu, akajiambia: hawa hawawezi kukosea.

Hapo ndipo ninapowahofia ninyi kuliko vijana wengine. Sisi wazazi tuliwafundisha kutomkatiza mkubwa, kutompinga mwenyeji, kutowaharibia watu safari. Ni adabu njema nyumbani na barazani, nami siifuti. Lakini kwenye theluji kijana anayenyamaza kwa heshima anaweza kuwazika waliomzidi umri.

Basi wekeni sharti hili kabla ya kuanza kupanda: hapana ya mtu mmoja inatosha, na haombwi maelezo. Mwenye uzoefu mdogo aulizwe kwanza, kabla wakubwa hawajatoa maoni yao yakamfunga mdomo. Atakayerudisha kundi asichekwe, hata kama mteremko haukuporomoka siku ile. Na mkikuta kundi lisilokubali sharti hilo, hata liwe la mabingwa, msiende nalo.