Saratani ya Tezi Dume na Pamba ya Ghazali

Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kuwa saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hurudi nyuma mgonjwa akiondolewa korodani au akipewa homoni za kike. Ikaonekana mhalifu amekamatwa: homoni ya kiume. Huggins akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Lakini kwa wagonjwa wengi saratani huibuka tena, hata homoni ikiwa chini kabisa.

Hapo linafufuka swali zito: kusema kitu fulani kimesababisha kingine ni kusema nini hasa?

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto. Jicho huona pamba ikiungua inapoguswa na moto. Halioni kwamba moto ndio uunguzao. Mtendaji, kwake, ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimpinga vikali: anayekana sababu amekana akili.

Ndani ya seli mambo yamesukana kuliko pamba na moto. Kipokezi cha androjeni, yaani homoni ya kiume, hushikana na homoni hiyo na kuamsha jeni za ukuaji. Kando yake ipo njia nyingine ya ishara, PI3K, inayofanya kazi kupitia protini ya AKT na kuzuiwa na protini nyingine, PTEN. Katika saratani nyingi zilizosambaa, PTEN imepotea. Mwaka 2011 watafiti wa New York walionyesha jinsi njia hizi mbili zinavyodhibitiana. Kipokezi huchochea kutengenezwa kwa protini ya FKBP5, ambayo huisaidia protini nyingine, PHLPP, kuituliza AKT. Dawa ikikizima kipokezi, FKBP5 hupungua, PHLPP hudhoofika, AKT hupanda. Ukiifunga PI3K peke yake, protini za HER huamka na kukipa nguvu kipokezi.

Kwa hiyo tiba yenyewe imeingia katika mnyororo wa sababu! Ghazali alikuwa na haki ya kuonya kwamba kuona mawili yakifuatana hakutoshi. Ila kila kiungo hapa kimepimwa kwa kukizima na kutazama kinachofuata, na hilo linampa nguvu Ibn Rushd. Kinachoanguka ni mazoea ya kumsaka mhalifu mmoja. Muumini hapotezi kitu: Ghazali huyohuyo aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, wajibu wa jamii ambao baadhi wakiutimiza wengine huondolewa lawama.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililozifunga njia zote mbili kwa dawa za abirateroni na ipatasetibu. Kwa wagonjwa waliopoteza PTEN, muda wa kati kabla picha hazijaonyesha ugonjwa kusonga mbele ulipanda kutoka miezi 16.5 hadi 18.5. Wagonjwa wote walipojumlishwa, tofauti haikufikia kiwango cha kitakwimu kilichowekwa.