KIJANA, UNA KWENU! JE, UMESHUKURU?



Je, leo umetoka kwenu umenuna? Mama amepiga kelele, baba amekutuma shamba, chakula ni ugali na maharage yale yale ya jana. Ukakimbilia kijiweni ukisema, "Pale kwetu pamenichosha." Hebu ngoja kidogo, nikueleze habari za watoto wengine.

Miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliwindwa sana katika nchi yetu. Waganga waliwadanganya watu kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Uongo mtupu! Ualbino ni ngozi kukosa rangi, na mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Mwaka 2013, hapa hapa mkoani Rukwa, mtoto wa shule alivamiwa njiani akirudi nyumbani, akakatwa mkono.

Kwa hofu hiyo watoto wengi walitolewa makwao wakapelekwa kulindwa shuleni, kama Kabanga kule Kasulu na Buhangija kule Shinyanga. Wengine walikuwa wadogo sana, na wapo ambao wazazi hawakurudi tena kuwaona.

Nimewahi kukaa na watoto wa namna hiyo. Kitanda walikuwa nacho, uji walikuwa nao. Waliniuliza neno moja tu: "Mama anakuja lini?"

Kijana, zile kelele za mama unazozichukia, yuko mtoto anazililia usiku. Kuitwa jina lako jioni, giza linaingia na baridi hii ya Ufipa imeanza, ni baraka. Hukuinunua!

Soma Luka 17:11-19. Wakoma kumi, watu waliotengwa na nyumba zao, waliponywa na YESU. Wote kumi walipona. Aliyerudi kushukuru ni mmoja tu, tena mgeni, Msamaria. Je, wewe uko na wale tisa, au na yule mmoja?

Lakini shukrani siyo kusema "afadhali mimi" halafu ukapita zako. Hayo ni majivuno. Anayeshukuru kweli humfungulia mwenzake mlango. Hata jina la mji wetu linahubiri: kwa Kifipa, Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Basi utupe! Usiende kwa mganga kutafuta bahati. Usimcheke mtoto mwenye ualbino, msindikize mpaka kwao.

Pengine wewe unayesoma huna baba wala mama. Sijakusahau. Zaburi 27:10 inakuhusu: aliyeachwa na wazazi, Mungu mwenyewe humpokea.

Jioni ya leo fanya mambo mawili. Mwambie aliyekulea, "Asante." Kisha piga magoti, sema hivi:

"Bwana YESU, nimekula, nimelala, nimependwa, wala sikukushukuru. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu. Nifanye niwe ndugu kwa asiye na ndugu. Amina."

Umeomba kwa moyo? Basi usikae peke yako. Njoo mkutanoni kesho, tuombe pamoja. YESU anakupenda!